Jinsi ya kuanza picha ya abstrakti bila kujua itaishia wapi

Watu wananiulizaga sana "we huwa unaanzaje?" na huwa najibu ovyo ovyo kwasababu niko barazani na kahawa inapoa, kwaiyo leo nimekaa nikaandika yote pamoja, mwenye kutaka kujaribu ajaribu. Chuo cha sanaa sijasoma. Nimesoma kile chuo kingine, cha ubao na bakora, na hapo mbele mtaona kwanini nakitaja.

Kwanza niseme hili maana ndo kila kitu: ukikaa mbele ya kanvasi na picha nzima iko kichwani, hapo unanakili tu, hata kama unayemnakili ni wewe mwenyewe. Mi nazungumzia abstrakti, yaani picha isiyo ya mtu wala kitu unachokitambua, ya mtu anayetafuta kitu, sio ile ya kulingana na rangi ya makochi. Hiyo inaanza na kijipande kidogo, saizi ya kiganja au hata chini ya hapo, alafu kinaota. We hujui kinaota kuelekea wapi. Kama unajua, rudi mwanzo.

Aliyenifundisha hivi hajui kama mi nipo duniani. Ni Msudani, Ibrahim El-Salahi, kazaliwa Omdurman mwaka 1930, baba yake alikuwa anasomesha Quran hapo hapo nyumbani na mtoto akaanza kuandika na kupamba herufi akiwa mdogo kabisa. Mwaka 1954 kaenda London kusoma pale Slade, chuo cha sanaa, 1957 karudi Khartoum na ujuzi wote wa Kizungu, picha za watu, za vitu mezani, akaandaa maonyesho. Siku ya ufunguzi watu wakaja, wakanywa soda zao, basi. Baada ya hapo hakutokea mtu. Jamaa akakwama karibu miaka miwili anajiuliza kwanini watu wake mwenyewe hawaoni kitu. Akatoka akazunguka nchi akiangalia watu wa kawaida wanaweka nini majumbani mwao, na alichokikuta ni maandishi na mapambo. Kurudi kazini akaanza kuandika maneno madogo ya Kiarabu kwenye kona ya picha, kama stempu ya posta, watu wakasogea kidogo. Akayatawanya picha nzima, wakasogea zaidi. Alafu akafanya lile jambo ambalo mi nilipolisikia nilikaa chini: akazivunja herufi zenyewe, akataka kujua ndani mna nini, na humo ndani zikaanza kutoka sura za watu, za wanyama, mimea.

Herufi jamani. Kitu ambacho mtoto yeyote wa pwani kashaandika mpaka vidole vikauma.

Haya, sasa kazi.

Kitambaa

Usikimbilie kanvasi za dukani, bei yake itakufanya uogope kuharibu na ukiogopa kuharibu huchori. Nunua marikani, ile nzito, mita mbili zinatosha kuanzia. Ifue kwa maji ya moto wanga wote utoke na irudi saizi yake kabisa, ukiruka hapa itakurudia baadaye ikiwa imelegea kama chandarua. Fundi mbao akukatie fremu, mita moja kwa mita moja ni nzuri, na zile mbao za ndani azipige randa kwa kuinamisha ili kitambaa kiguse ukingo wa nje tu. Stepla kaazime kwa fundi makochi. Unapiga pini moja katikati ya kila upande, kwanza pande nne zote, ndo unaanza kuelekea kwenye kona huku unavuta, ukianzia konani utapata mikunjo na haitoki ng'o.

Alafu gundi nyeupe ya mbao, ichanganye na maji mpaka iwe kama maziwa mazito, paka, acha ikauke vizuri. Juu yake rangi nyeupe ya maji ya ukutani mikono miwili, kati ya mkono na mkono pitisha msasa laini. Sio vifaa vya kifahari ila inafanya kazi. El-Salahi mwenyewe ana picha kubwa ya miaka ya 1961 hadi 1965, sasaivi iko Tate, jumba la sanaa kule London, kaichora kwa rangi za mafuta na enameli juu ya kitambaa cha pamba. Na hapa kwetu Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 na mbao za dari na rangi za enameli za dukani, kwaiyo mtu asikuzuie kwa habari ya vifaa.

Ila kumbuka: rangi ya mafuta unaweza kuipaka juu ya rangi ya maji iliyokauka, rangi ya maji juu ya mafuta usithubutu, itabanduka kama ngozi ya nyoka.

Rangi, chache

Anza na nne tu. Nyeusi, nyeupe, nyekundu ya udongo, njano ya udongo. El-Salahi aliporudi kutoka zile safari zake alikaa miaka na rangi za namna hii, za ardhi ya kwao. Faida yake ni kwamba hupati pa kujificha, ukiwa na chupa ishirini unacheza na rangi badala ya kuangalia.

Nyekundu unaweza kuitengeneza mwenyewe, chukua udongo mwekundu uliokauka, utwange, uchekeche kwenye kitambaa cha khanga iliyochakaa mpaka ubaki unga laini kama poda, changanya na gundi nyeupe na maji kidogo. Nyeusi ni masizi ya kibatari au sufuria la kuni. Hizi mbili zitakaa miaka na miaka. Manjano ya jikoni usiguse! Mi niliwahi kupaka picha nzima kwa bizari nikajiona nimevumbua kitu, inang'aa, kila aliyeingia anaguna, nikaitundika ukuta unaopigwa na jua la asubuhi, haikumaliza miezi minne imebaki rangi ya chai iliyomwagika. Aliyeinunua (ndio, nilishaiuza, alikuwa hajaja kuichukua tu) nilimrudishia hela yake. Zafarani nayo hivyo hivyo, na bei yake unaijua.

Mkono kabla ya akili

Hii ndo sehemu watu wanairuka na ndo yenyewe.

Chukua karatasi kubwa, hata gazeti la zamani, na kalamu ya mwanzi au brashi ya bapa, na wino. Chagua herufi moja. Mi nachukuaga nun au wau kwasababu zina tumbo. Kama hukusoma Kiarabu sio tatizo, chukua alama yoyote ambayo mkono wako unaijua bila kufikiri, saini yako, mchoro wa ukili kama mama yako alikuwa msusi wa mikeka, noti za kwaya, ile chapa uliyokuwa unaichora nyuma ya daftari la hesabu. Isiwe kitu ulichokiona jana kwenye simu, lazima kiwe kimeshaingia mwilini.

Iandike mara mia. Kwa mfululizo, bila kuinuka. Mara ishirini za kwanza utakuwa unaandika vizuri, unajionyesha. Kwenye arobaini hivi utachoka na utaona upuuzi, akili itaanza kukuambia kuna mboga haijachemshwa. Endelea. Kuna mahali, kwangu huwa inakaribia sitini, mkono unaacha kuandika herufi na unaanza kufanya kitu kingine, tumbo la nun linafunguka, nukta inahama, mkia unarefuka unaenda kugongana na mwenzake. Usiirekebishe, hapo sasa ndo umefika, malizia mia zako.

Mi sivunji aya, nieleweke. Aya ni maneno ya Mungu na ina heshima yake na karatasi yake haitupwi. Navunja herufi peke yake, ambayo haijasema neno. Kuna mzee mmoja mtaani alinijia juu kuhusu hili nikamwonyesha karatasi, akaangalia mda mrefu akasema "hii ni nun imelewa", tukacheka yakaisha.

Wakati mwingine najiuliza kama hii sio kitu kipya kabisa kwetu. Mtoto akiumwa mwalimu alikuwa anaandika kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaosha na marashi, mtoto anakunywa. Kombe. We fikiria, maandishi yanayeyuka mpaka hayasomeki tena na hapo ndo yanaanza kufanya kazi yake. Mi nimekunywa kombe nyingi utotoni na ninachokumbuka sio dawa, ni ile njano inavyojivuta ndani ya maji kabla haijachanganyika. Nadhani nimekuwa nikiichora hiyo hiyo tu miaka yote. Na anayesema abstrakti ni ya Wazungu aende Mwenge pale Dar kwenye vinyago aulize mawingu, Wamakonde wana mtindo huo, umbo halina mtu wala mnyama, linajizungusha tu na upepo ndani yake.

Kutafuta kijipande

Kata boksi la viatu, toboa dirisha dogo la sentimita tano kwa tano katikati. Lile karatasi lako la herufi mia liweke mezani, pitisha dirisha juu yake taratibu. Sehemu kubwa utaona fujo tu. Alafu mara moja utaona pale ndani kuna kitu kimekaa, kina uzito, kama kinakuangalia. Sijui namna nzuri ya kulisema hili ila hutakosea, unasita tu mkono wenyewe. Izungushie penseli.

Kihamishie kwenye kanvasi. Sio katikati! Ukikiweka katikati kimekuwa mfalme na kila kitu kitamsujudia, weka pembeni, chini kushoto, juu karibu na ukingo, popote pa kuonewa. Na kiwe kidogo, usikikuze.

Sasa sheria ni moja: kila kipya unachoongeza lazima kiguse kilichopo, na kijibu. Mstari huu unakwenda hivi, huyu wa pili anauliza unaenda wapi. Ukiongeza kitu pale mbali kwasababu "panaonekana patupu" umeshaanza kupanga, umeshakuwa fundi wa mapambo. Acha patupu pawe patupu. Kipindi fulani kipande kitakataa, hakitaki kuongezwa, hapo unaweka brashi chini hata kama ni saa tatu asubuhi na siku nzima ulikuwa umejiandaa.

Kanvasi ikiisha kabla picha haijaisha je? Unashona nyingine pembeni. Nasema kweli. El-Salahi mwaka 1975 alikamatwa akatiwa ndani kule Khartoum miezi sita na ushee bila kesi, karatasi na kalamu marufuku, akawa anachora kwenye vijipande vya karatasi anavyovipata kwa siri na kuvifukia mchangani visikutwe. Mtu wa hali hiyo hawezi kuchora picha kubwa, anachora mbegu. Alipotoka akaendelea hivyo hivyo kwa hiari yake, anaanza na kiini kimoja, akikimaliza anaunganisha karatasi nyingine, na nyingine. Ile kazi yake kubwa The Inevitable, ya 1984 hadi 1985, ni paneli tisa za wino mweusi juu ya nyeupe, ukizipanga zote zinakuwa picha moja kubwa sana. Kila nikiikumbuka hiyo nikiwa nalalamika chumba changu kidogo naona aibu.

Mambo ya roho

Hapa ntasema kidogo, na kwa tahadhari.

Mi nachora baada ya alfajiri. Nikishaswali sizungumzi na mtu, simu inabaki chumba kingine imezimwa sio imenyamazishwa, nakaa chini mbele ya kanvasi kwenye mkeka bila kushika chochote kama dakika ishirini. Kama we sio mtu wa swala kaa tu, vuta pumzi, sikiliza jogoo na pikipiki. Siku nyingi hakiji kitu. Narudia, siku NYINGI hakiji kitu, na siku hizo ni za kuosha brashi, kukaza fremu, kuandika nun. Agnes Martin, yule mchoraji aliyekaa New Mexico Marekani akichora mistari ya penseli iliyonyooka, alikuwa anakaa anasubiri mpaka aione picha kichwani ikiwa ndogo kama stempu, ndo anapiga hesabu ya kuikuza, na akishamaliza ikiwa sio yenyewe anaiharibu. (Na hapa mtasema mbona yeye aliiona nzima kabla, mi nimekataza. Ndio. Yeye ni yeye, na alikuwa na subira ambayo mi sina.)

Tahadhari yangu ni hii, usijifanye nabii. Kuna vijana wanamwaga rangi kwenye kitambaa dakika tano alafu wanasema roho imewatuma, roho gani ambayo haikukutuma ufue kitambaa kwanza? Ukitaka mtu wa roho kweli kweli kamwangalie Hilma af Klint, mama wa Sweden, alianza abstrakti mwaka 1906 kabla ya wengi wa wale wanaume waliosifiwa kuianzisha, na yeye alikuwa kwenye kikundi cha wanawake watano wanaoita mizimu mezani, alisema wazi kuna waliokuwa wanamwelekeza. Sikubaliani na mizimu yake, mi Mwislamu. Lakini angalia alichofanya: picha 193 za mfululizo mmoja mpaka 1915, madaftari juu ya madaftari ameandika kila alama ina maana gani, na akaagiza kazi zake zisionyeshwe mpaka ipite miaka 20 baada ya kufa kwake. Alikufa 1944. Huyo hakuwa anatafuta wafuasi.

Kwaiyo weka daftari. Kila asubuhi andika mistari miwili, ulikaa mda gani, ulihisi nini mwilini (sio kichwani, mwilini, bega, tumbo, koo), ulichora nini au hukuchora. Baada ya miezi utaona kitu kinajirudia, na mara nyingi sio kile ulichokuwa unajiambia unakitafuta. Kwangu kilikuwa mlango. Nilidhani nachora maji kumbe mwaka mzima nachora mlango wa nyumba ya bibi uliobomolewa. Nililia siku hiyo, sitaki kusema uongo, na picha ya wiki ile niliiharibu kwa kuwa nilishajua nachora nini nikaanza kuisaidia.

El-Salahi naye ana mti wake, haraz, jamii ya migunga, unaota kando ya Nile, mvua ikija wenzake wote wanavaa majani yeye anavua, kiangazi wenzake wamekauka yeye ndo kijani. Kauchora miaka na miaka, mistari ya kusimama na kulala, mwingine ukiuona huwezi hata kujua ni mti. Ukipata chako usikiache kwa kuogopa watu watasema unajirudia.

Lini usimame

Igeuze ukutani siku saba. Usiichungulie. Ya nane igeuze, na iwe juu chini, kama jicho linakimbilia sehemu moja na kukwama hapo basi hapo pana tatizo, mara nyingi ni kitu ulichokipenda mno. Kifunike na nyeupe. Najua inauma.

Umeme ukikatika usilalamike, washa kibatari uiangalie, rangi zinapotea unabaki na giza na mwanga tu na hapo kasoro zote zinajianika. Mi nimeokoa picha tatu kwa mgao.

Ukishaanza kuongeza vitu ili watu waone umefanya kazi, ilikuwa imeisha juzi.

Na watakuuliza "hii ni nini?" Mama mkwe atauliza, fundi wa maji atauliza. Usitoe hotuba. Mi nawauliza wao wanaona wapi pa kuingilia, karibu kila mtu ananyoosha kidole sehemu fulani, tunaanzia hapo. Jina la picha liwe fupi na la kawaida, yangu moja inaitwa Alhamisi.

Kama huna hata hela ya marikani

El-Salahi uzeeni kule Oxford, mgongo unamuuma, hawezi tena kusimama mbele ya vitambaa vikubwa, akaanza kuchora kwa kalamu nyuma ya pakiti za dawa zake, kwenye kiti. Vidogo vile vingine vimekuja kukuzwa vikawa vikubwa sana. Kwaiyo fungua pakiti ya dawa, itandaze, upande wa ndani ni mweupe au kijivu na unashika wino vizuri sana kuliko unavyodhani, ila kata ule ukingo wenye gundi maana wino unateleza. Chora kijipande kimoja. Kesho pakiti nyingine, iguse ya jana. Andika namba nyuma kwa penseli la sivyo utapoteza mpangilio, mi nilipoteza ikanichukua Jumapili nzima sakafuni kama mtoto na chemshabongo.

Yangu imefika pakiti 34, nimezibandika kwenye ubao wa dari nyuma ya mlango, mke wangu anasema tunaonekana nyumba ya wagonjwa. Ilianzia chini kulia na wau moja iliyovunjika shingo, imepanda, imekata kona, sasa wiki ya pili haitaki kwenda juu wala kulia. Kesho alfajiri naongeza upande wa kushoto, nione.